Habari za Tumbo la Mama Mkwe

Wapendwa mapadri na masista, wazee mliotoka Kiringye na Makobola, majirani wa Rugenge, wenzake wa sokoni, na ninyi nyote mliokuja kumsindikiza mama yetu, familia imenituma nisimame hapa niwasomee maisha ya marehemu, na kabla sijaanza nataka kuwatoa wasiwasi wale ninaowaona wameanza kunong'onezana kule nyuma ya hema, kwa sababu wanachonong'ona ni kweli. Mimi ni Sévère Kwizera, mume wa Claudette, binti wa kwanza wa marehemu, kwa hiyo anayewasomea habari za mama huyu ni mkwe wake, na kwetu mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe, haketi kitandani pake, wala jina lake halimtoki mdomoni, ndiyo maana jina la marehemu mmelisikia kwa katekista Bruno na si kwangu, nami nitaendelea kumwita marehemu, au mama, kama nilivyomwita tangu nilipooa. Aliyenichagua kwa kazi hii ni yeye mwenyewe, na sababu yake mtaisikia mbele.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1957 katika kijiji cha Kiringye, bondeni Ruzizi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Gaspard Ndihokubwayo, mkulima wa pamba na mpunga, na wa mama Sidonie, na katika watoto wote wa nyumba ile leo amebaki mmoja, mjomba wetu Niyonzima, huyu aliyeketi hapa mbele na fimbo yake. Mjomba ndiye aliyetusimulia kwamba siku moja ya Krismasi, dada yake akiwa na miaka sita hivi, kuku wa wageni alichelewa sana kufika mezani, na walipokwenda kutazama wakamkuta mtoto aliyetumwa kumnyonyoa ameketi nyuma ya jiko, ameipasua firigisi polepole, anatafuta vile vijiwe vimeingilia wapi, na alipochapwa hakulia, bali aliuliza kama watu nao wana vijiwe tumboni. Hakupewa jibu siku ile, na nadhani ndiyo iliyomharibu, maana tangu hapo aliuliza maisha yake yote.

Alianza darasa la kwanza Septemba 1966 katika shule ya misioni, amechelewa miaka mitatu kwa sababu ya vurugu za wakati ule ambazo wazee wanazikumbuka kuliko mimi, akapata cheti cha msingi mwaka 1972, kisha akasoma ushonaji na mapishi kwa masista kwa miaka miwili bila kumaliza, kwa kuwa baba yake alimhitaji shambani. Katika masomo yote alilolipenda ni lile la mwili wa binadamu, sista alipobandika ukutani picha ya mtu aliyefunguliwa tumbo, naye akasimama akauliza matumbo marefu namna ile yanakaaje mle ndani bila kujifunga mafundo, na sista akamjibu kwamba hiyo ni siri ya Mungu, jibu ambalo hakulikataa, ila hakuridhika nalo.

Mwaka 1976 alipanda lori la miwa pamoja na shangazi yake, wakafika hadi lango la kiwanda cha sukari cha Kiliba, na hapo akamuuliza kijana wa kwanza mwenye mikono ya mafuta aliyemwona ni namna gani mua mchafu unaingia upande huu, sukari nyeupe inatokea upande ule. Kijana huyo alikuwa fundi wa mitambo, Bonaventure Nizigama, akamweleza vizuri sana, lakini wiki iliyofuata msichana akarudi na kusema hakuelewa, na wiki iliyofuata tena hakuelewa, mpaka Bonaventure naye akaanza kuelewa. Walifunga ndoa tarehe 23 Julai 1977 parokiani Kiliba, wakaishi katika nyumba za wafanyakazi, Mungu akawajalia watoto sita, wawili akawachukua wakiwa wadogo, wakabaki Claudette, Jean-Marie anayeishi Makobola, Délice aliyeolewa Bujumbura, na Chance aliyeko Kalemie, ambaye amefika jana kwa mashua.

Vita vya mwaka 1996 vilipokuja, kiwanda kikafunga, familia ikavuka ziwa hadi Kigoma, wakarudi mwaka 2001 mikono mitupu, wakapata kiwanja hapa Rugenge, mjini Uvira, na papa Bonaventure akawa anatengeneza mashine za kusaga muhogo, mpaka presha ilipomchukua tarehe 9 Novemba 2011. Marehemu yeye alishika kazi mliyomjua nayo, ya matumbo, yaani kuyapokea machinjioni asubuhi, kuyageuza, kuyaosha kwa maji mengi na chumvi na ndimu, na kuyauza sokoni akiyapanga kwenye beseni kama mtu anayepanga vitambaa. Wengine waliona haya kwa kazi hiyo kwa sababu ya harufu, yeye alisema hakuna kitabu kinachosomeka vizuri kama utumbo wa ng'ombe, ukiutazama unajua mnyama alilishwa wapi na aliumwa nini, na mimi mkwe, mwalimu wa sekondari mwenye shati jeupe, nilikuwa nasimama mbali kidogo na beseni lile, nasalimia kwa heshima, naenda zangu. Nilipomuoa Claudette mwaka 2004 nilidhani hiyo ndiyo itakuwa hali yetu siku zote, yeye upande wake na mimi upande wangu, heshima katikati.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa ndipo marehemu alinikataza kukimbia. Juzi, familia ilipoketi, kuna waliopendekeza niandike kwamba mama amefariki kwa ugonjwa wa muda mrefu, niweke nukta, niendelee na shukrani, nikawaelewa, maana ndivyo tunavyofanya kwenye misiba yetu yote, tunazika watu wengi sana wa ugonjwa wa muda mrefu na hatujui hata mmoja alikuwa anaumwa nini. Marehemu aliumwa saratani ya utumbo mpana.

Mwaka 2017 aliona damu kwenye haja kubwa, akanyamaza, na hakunyamaza kwa ujinga, alinyamaza kwa kujua, kwa sababu katika miaka yote ya kuosha matumbo, damu kwenye utumbo wa ng'ombe kwake ilikuwa na maana ya minyoo, na hakuona kwa nini kwa mwanadamu iwe habari nyingine. Akanywa dawa ya minyoo, akanywa ya amiba, akachemsha majani, akapigwa lavema, ile dawa ya kusukumiwa kwa nyuma ambayo wengi wetu hapa tunaijua tangu utotoni ingawa naona sasa mnatazama juu, na damu ikawa inakatika kisha inarudi, choo kinafunga kisha kinafunguka ovyo, kitenge kinazunguka kiuno mara mbili pale kilipozunguka mara moja. Claudette alipomuuliza mbona umepungua, alijibu ni uzee, yeye ambaye hajawahi kukubali jibu la namna hiyo kwa mtu mwingine yeyote. Hili limenishangaza mpaka leo, kwamba mtu aliyeuliza habari za kila tumbo alishindwa kuuliza habari za la kwake.

Mwezi Januari 2019 alianguka sokoni juu ya beseni lake, wenzake wakambeba hadi kituo cha afya, wakakuta damu imeisha mwilini, akaongezewa, na daktari kijana aliyekuwa zamu akamuuliza waziwazi jinsi choo chake kilivyo, tangu lini, na kama ana damu. Marehemu alimtazama, akajibu yote, kisha akasema, "Munganga, weye ndiye muntu wa kwanza kuniuliza," na daktari akamwandikia kwenda hospitali kubwa ya Bukavu.

Wakati huo mke wangu alikuwa amejifungua tarehe 20 Februari kwa kupasuliwa, Délice mtoto wake alikuwa amelazwa na malaria kule Bujumbura, Chance alikuwa Kalemie, na Jean-Marie, shemeji yangu mpendwa, yeye alitusindikiza kwa moyo wote hadi hospitalini, akaona mgonjwa mmoja anabadilishwa bandeji, akaanguka mlangoni mwa wodi kama gunia, na wauguzi wakatuambia tafadhali huyu arudi nyumbani, wagonjwa wanatosha. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba garde-malade wa mama mkwe, mtu wa kumpa maji, kumshika mkono na kusimama kichwani pake daktari anapopita, akawa mkwe wake. Tulifikiri itakuwa kwa siku chache, mpaka Délice aje.

Walimpitishia kamera tarehe 26 Februari, na muuguzi alinisimulia kwamba mgonjwa aliomba ile televisheni igeuzwe upande wake ili aone, akatazama njia yake mwenyewe ya ndani, ya waridi, inang'aa, safi kuliko alivyotegemea, mpaka walipofika kona moja upande wa kushoto, akaona kitu kama uyoga uliooza, akasema polepole, "Hii haiko minyoo." Daktari wa upasuaji alikuja baadaye akamchorea, akamwonyesha mahali pa uvimbe, jinsi atakavyokata kipande chote chenye ugonjwa na kuacha pembeni kipande kizima pande zote mbili, atoe na tezi zilizo jirani, kisha aziunganishe ncha mbili kwa uzi. Mama akauliza huo uzi hautaoza, akauliza ncha moja ikiwa pana kuliko nyingine itakuwaje, akauliza na chakula kitapita wapi mshono ukiwa haujapona, na daktari, ambaye nadhani alikuwa anaanza kufurahi, akajibu kwamba hakitapita, kwa kuwa utumbo ukishikwa na mikono unalala usingizi kwa siku kadhaa, na mgonjwa hapewi kitu kwa mdomo mpaka utumbo uamke wenyewe. Mama akauliza, "Sasa mutajua namna gani kama imeamka?" lakini hapohapo wakamwita daktari kwenye dharura, akaondoka bila kujibu, na swali hilo moja lililokosa jibu lilitaka kumuua.

Alipasuliwa tarehe 6 Machi 2019, Jumatano ya Majivu, akasema kwamba mwaka huo ameanza kufunga Kwaresima kabla ya askofu. Upasuaji ulichukua asubuhi nzima, ulikwenda vizuri, na kipande kilichotolewa wakanikabidhi mimi ndani ya chupa ya dawa, kwa sababu kipimo chake hakikufanyika pale, familia ndiyo ingekipeleka maabara mbali, basi chupa ikakaa chini ya kitanda imefunikwa na taulo. Siku ya pili aliponiona nachungulia pale chini alitaka kuiona, nikakataa, akamwita muuguzi, muuguzi naye akamwonyesha, na mama akaigeuza ile chupa kwenye mwanga wa dirisha akaikagua juu na chini kwa macho ya kazini, kisha akasema, "Hii ningeikuta ku soko ningemurudishia muchinjaji." Nilitoka nje nikacheka peke yangu kwenye korido, na ilikuwa mara ya kwanza nimcheke mama mkwe wangu, Mungu anisamehe.

Kila asubuhi daktari alipita na wanafunzi wake, mimi nimesimama kichwani pa kitanda kama inavyotakiwa, naye akauliza neno moja tu, "Mama, gaz ilitoka?" Hewa, ndugu zangu. Marehemu aliagiza neno lenyewe nilitamke hapa, nami nitalitamka mara moja kisha nirudi kwenye adabu zangu, alikuwa anaulizwa kama amejamba. Mimi nikatazama dirisha, yeye akageukia ukuta, akajibu, "Bado," na kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Ukweli ni kwamba hewa ilikuwa inamjia tangu Ijumaa, lakini mkwe alikuwa ameketi hatua moja kutoka kitandani mchana kutwa, na mama wa Kiringye aliyelelewa vizuri hawezi kufanya jambo hilo mbele ya mkwe, wala hawezi kukiri mbele ya mkwe kwamba amelifanya, basi akaizuia kwa nguvu zote alizobaki nazo, mshono mbichi tumboni, na ile kidogo iliyoponyoka nikiwa nje hakumwambia mtu. Alidhani daktari anauliza kwa ajili ya kumwonea huruma tu, kama mtu anavyouliza umelalaje.

Jumatatu tumbo likawa limevimba na kukaza, hajaonja kitu tangu Jumanne iliyotangulia, midomo imepasuka, wakampiga picha, na daktari akaniambia mbele yake, kwa uso wa mtu ambaye hafurahi tena, kwamba utumbo haujaamka, inawezekana mshono umejiziba au unavuja, na kwamba kesho asubuhi watamfungua tena, ila kwa umri wake na damu yake ndogo niwaarifu nyumbani waombe. Nikaanza kutafuta namna ya kumwambia mke wangu aliyekuwa na mshono wake mwenyewe kitandani Uvira. Hapo ndipo mama alipogeuka kutoka ukutani akasema, "Docteur, minye niko nauliza tu, ile gaz munaitafutia nini?" na daktari akasimama, akamjibu safari hii hadi mwisho, kwamba hewa ndiyo habari ya kwanza inayotoka kwenye utumbo uliounganishwa, ikipita maana yake njia iko wazi na mshono unashika, na isipopita wao wanakuwa gizani, hawana dirisha lingine la kuchungulia ila kisu.

Mama akanigeukia, akaniambia, "Mukwe, nenda unitafutie maji ya moto." Termosi ilikuwa imejaa, niliijaza mwenyewe asubuhi, nikamwonyesha, akasema, "Hiyo imepoa. Nenda mbali." Nikaenda hadi jikoni kwa wanawake wanaopika, nikakaa huko muda mrefu nikiwaza mazishi, na niliporudi niliwakuta wauguzi wawili wamejifunika midomo kwa mikono, daktari amekaa pembeni ya kitanda anacheka machozi yakimtoka, na mama amejifunika shuka hadi machoni. Hakuna aliyenieleza kitu, waliniambia tu kwamba kesho hakuna upasuaji, na kwamba kuanzia sasa garde-malade atakuwa anatoka nje saa ya daktari, na jioni mama akapewa vijiko vya uji wa mtama, akavinywa kimoja kimoja, anatazama ukuta, anatabasamu.

Kupona kwake kulikuwa kwa polepole na kwa maswali mengi. Alifundishwa kushika mto juu ya mshono anapokohoa, kutembea korido kwenda na kurudi hata kama kuna maumivu, kula kidogo mara nyingi, kuacha maharage kwanza, kutobeba ndoo mpaka mvua za mwaka zipite, naye kwa kila katazo alitaka kujua linakataza kwa nini, na akishajua alilishika kuliko mtawa. Tulirudi Uvira tarehe 23 Machi. Chupa ile niliifikisha maabara mimi mwenyewe, na mwezi Mei jibu likaja kwamba ugonjwa ulikuwa umefika kwenye tezi mbili, ikabidi anywe vidonge hadi mwisho wa mwaka, dawa kali iliyomchubua viganja na nyayo, ngozi ikabanduka kama ya mtu aliyeshika sufuria ya moto, ndiyo maana mnakumbuka mwaka ule Claudette na binti zetu ndio walioosha matumbo, yeye ameketi kwenye kigoda anatoa amri.

Mtu mwingine angefunga mlango wa habari hii, yeye aliufungua. Kwanza aliwasimulia wanawake wa soko, kisha wa jumuiya, kisha ikawa huwezi kumsalimia bila kuulizwa choo chako kinaendaje, na wengi wenu hapa mmewahi kubadili njia mkimwona, msikatae. Alipotusimulia sisi nyumbani, ndipo nilipojua kilichotokea nikiwa jikoni kule Bukavu, miezi mingi baadaye, mbele ya mke wangu aliyeanguka kwa kicheko, nami nikatoka nje kwa haya. Lakini kuna mtu mmoja hakubadili njia. Katekista wetu Bruno, ambaye ameniruhusu niseme, alikuwa anaona damu mwaka mzima na kuificha hata kwa mke wake, mpaka mama alipomkabili baada ya misa, mlangoni pa kanisa, akamuuliza waziwazi, na Bruno akajikuta amejibu. Alikwenda, akapitishiwa kamera, wakakuta kivimbe kidogo ambacho hakijageuka ugonjwa, wakakitoa kwa kamera ileile bila kumpasua, na ndiye aliyewasomea jina la marehemu leo kwa sauti ile mliyoisikia.

Alipata miaka minne mizuri. Mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yalipobomoa nyumba za watu, yeye ndiye aliyewapikia waliolala kwetu, na akashuhudia ubatizo wa wajukuu wawili, na akarudi kwenye beseni lake. Novemba 2023 ekografi, ile picha ya tumbo, ilionyesha madoa kwenye ini, tukapanda tena hadi Bukavu, na daktari yuleyule, mvi zimeanza kumwingia, alimwambia kwa heshima kwamba safari hii kisu hakitasaidia. Mama akauliza ini likiumwa mtu anaona dalili gani, ya kwanza ipi na ya mwisho ipi, akajibiwa bila kufichwa, akashukuru, na njiani tukishuka milima ya Ngomo alisema kwamba kujua kunauma, ila kutojua kunauma zaidi na tena kunakupotezea wakati. Mimi nililia ndani ya gari, yeye akanipa kitambaa.

Mwezi Juni mwaka huu, akiwa hawezi tena kuamka, aliomba apikiwe bugali, mboga za lengalenga na samaki wadogo wa ndagala, akamwita mjomba Niyonzima awe shahidi, akaniita na mimi, akaniamuru niketi kitandani pake nile naye kwenye sahani moja. Nilikataa mara mbili, mjomba akagonga fimbo chini, nikaketi, nikala, yeye akaonja matonge mawili tu, akasema, "Sasa nimekufungulia. Inabaki jina, na jina utalisema siku ya kuniaga, ukimaliza kusoma." Nikamuuliza kwa nini mimi, wakati ana watoto wanne, akanijibu maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo, "Claudette atalia, Jean-Marie ataanguka. Minye nataka muntu mwenye haya. Kama mukwe anaweza kusema ya tumbo ya mama mukwe mbele ya batu, nani atabaki na haya ya kuambia munganga?"

Marehemu aliaga dunia Jumamosi tarehe 3 Agosti 2024, saa kumi alasiri, nyumbani kwake hapa Rugenge, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, maumivu yametulizwa kwa dawa, Claudette amemshika mkono huu, Délice mkono ule, na mimi nipo chumbani, siko mlangoni. Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, ndugu mmoja, na beseni ambalo binti zangu wamekwisha kuligombania.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bukavu waliomwongezea miaka mitano, na yule daktari kijana wa hapa Uvira aliyeuliza kwanza, inawashukuru majirani waliotuletea maji na kuni kila wiki bila kuitwa, wenzake wa sokoni waliomwekea nafasi yake wazi hata alipojua na wao wakajua kwamba harudi, wanajumuiya, kwaya, walimu wenzangu, na mjomba wetu kwa fimbo yake. Na atakayeona damu, au choo chake kikibadilika na kukataa kurudi, asiseme ni minyoo, asiseme ni uzee, asingoje mkwe atoke nje, aende akaseme.

Nimemaliza kusoma, limebaki lile aliloniagiza, na kwa miaka ishirini ulimi wangu haujawahi kulishika, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Élisabeth. Élisabeth Kankindi. Pumzika sasa, amani ni yako, na ukikuta huko kitu usichokielewa, uliza.